Mgongo Uliofaulu Mtihani

Mwalimu mmoja mstaafu, miaka 71, alirudi kutoka kupimwa uzito wa mifupa akiwa na karatasi mkononi na furaha tele. Kiuno kilikuwa kimemtesa miaka mingi. Kukaa tabu, kuinuka tabu. "Haya, soma," alimwambia binti wa kaka yake. "Kiuno hasi 0.4. Mifupa ya msichana hii!" Binti alisoma mpaka chini, penye nyonga. "Shangazi, hapa pameandikwa hasi 2.7." Akajibiwa kwamba nyonga haimuumi. Mwalimu aliagizwa arudishe majibu kwa daktari, hakuyarudisha.

Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, alama ya hasi 2.5 kushuka chini ni osteoporosisi, yaani mifupa imepungukiwa madini hata kuvunjika kwa jambo dogo. Jambo dogo lenyewe lilikuwa ndoo ya maji. Aliinama kuiinua, akasikia kitu kimekatika mgongoni. Eksirei ilionyesha pingili ya juu ya kiuno imepondeka upande wa mbele.

Kiuno kilifauluje, basi? Mashine hupitisha mionzi mwilini na kujumlisha madini yote inayokutana nayo njiani, bila kuuliza yametoka wapi. Diski, kile kipande cha gegedu kati ya pingili na pingili, ikichakaa hunywea. Pingili hukaribiana, kingo zake huota miba ya mfupa, nyuso zake hukakamaa. Mshipa mkubwa wa damu ulio mbele ya uti nao, ukishaganda chokaa, huingia humo humo kwenye hesabu. Ni gunia la mahindi lililopimwa pamoja na mawe. Maumivu yake na alama yake nzuri vilitoka kwenye uchakavu ule ule.

Tafiti nyingi zimekuta vipimo vya juu vya kiuno kwa wenye diski zilizochakaa, na wapo waliochukulia hiyo kuwa kinga dhidi ya kuvunjika. Mimi naiona kinga ya kutiliwa shaka sana. Diski iliyonywea, mtu akisimama wima, husukumia mzigo nyuma, kwenye viungo vidogo vya pingili. Upande wa mbele wa pingili hukaa karibu bila kazi, na mfupa usio na kazi hupungua. Halafu mtu anainama, mzigo unarudi mbele, pale pale palipodhoofika.

Wapimaji hodari wanaujua mtego huu. Pingili yenye kasoro inayoipita jirani yake kwa zaidi ya alama moja huweza kuondolewa kwenye hesabu, na ugonjwa huamuliwa kwa alama ya chini kabisa, ya kiuno au ya nyonga. Mgonjwa naye anaweza kuuliza ni pingili zipi zilizohesabiwa, na kama picha ya kiuno ilitazamwa kabla ya namba kuandikwa.