Kikao cha Mlevi Anayeacha

Mlevi akitangaza kwamba anaacha pombe, ukoo mzima hugeuka kamati. Huyu ana mchungaji wake, yule anamjua mzee wa mitishamba, wa tatu amesikia habari za kituo fulani chenye ada ya kushinda chuo kikuu. Mwenyewe haulizwi. Anapelekwa.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alipelekwa hivyo hivyo kwenye kikao cha AA (Alcoholics Anonymous), jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hapa Nairobi. Akakuta wazee wastaafu wakizungumza Kiingereza cha ofisini, wakisimulia walivyopoteza hisa na uanachama wa klabu. Yeye alikuwa amepoteza bodaboda. "Hawa hawajawahi kunywa chang'aa," aliniambia, na hakurudi. Ukoo ukatoa hukumu: huyu hataki kuacha. Mimi nasema alitaka sana, ila alikalishwa mahali ambapo hakuna aliyesimulia maisha anayoyajua.

Wala hakuwa anadeka. AA yenyewe ilizaliwa kwa sababu hiyo. Mei 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini Akron, Ohio, mipango imemwendea kombo na baa iko karibu. Badala ya kuingia baa akapiga simu kwa viongozi wa makanisa, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Hatimaye akakutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu. Walizungumza kwa saa nyingi. Daktari alikwisha kuhubiriwa vya kutosha, na madhara ya pombe aliyajua kuliko mgeni wake. Safari hii aliyekaa mbele yake hakumsema, alijisema mwenyewe. Smith alikunywa mara ya mwisho Juni 10, na hiyo ndiyo siku ambayo AA huihesabu kuwa ya kuanzishwa kwake.

Basi mtu aruhusiwe kuchagua. Kuna vikao vya wazi, ambavyo hata ndugu anaweza kuhudhuria, na vya ndani, vya wenye tatizo la pombe peke yao. Kuna vya kusikiliza ushuhuda, vya kusoma zile hatua 12 ambazo AA hufuata, na pengine vya wanawake pekee. Saa nayo iangaliwe. Saa mbaya ya binamu yangu ilikuwa jioni, akishalipwa kibarua. Kikao cha Jumamosi asubuhi kingemsaidia nini?

Na umbali. Wapo wanaovuka mji mzima kwa matatu kwenda kukaa na watu wasiowajua, na sioni ubaya wowote. Mitaani kwetu ukionekana unatoka baa hakuna anayegeuza shingo, lakini ukionekana unatoka kwenye kikao cha walevi, hiyo ni habari ya wiki nzima.

Suala la dini halikosi. Zile hatua 12 zinamtaja Mungu, na vikao vingi hufanyika kwenye majengo ya makanisa. Muislamu akisita mlangoni namwelewa. Hata hivyo hatua zenyewe zinamwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa namna yake. Ukikuta kikundi kinachokulazimisha, ondoka. Ondoka pia mahali unapouziwa dawa, unapoambiwa utupe vidonge ulivyoandikiwa na daktari, au yaliyosemwa ndani yanapokutangulia sokoni.

Wanaodhani haya ni maneno matupu wajue kwamba mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 27, yalionyesha kuwa mipango ya tiba inayomwelekeza mtu kwenye AA ina uwezo mkubwa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka wa kumfanya aendelee kukaa bila pombe. Lakini kikao si hospitali. Anayetetemeka asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza aanzie kwa daktari, maana mnywaji wa kupindukia akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Asiyejua pa kuanzia apige 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Binamu yangu alikuja kupata kikundi Eastlands, cha jioni, watu wanaongea Kiswahili chao cha mtaani na kucheka mambo ambayo kwetu nyumbani yalikuwa yakililiwa. Siku aliyokosa, mmoja wao alimpigia simu kumuuliza kama amekula. Ameshateleza tena tangu hapo, na amerudi palepale. Shangazi bado hafurahii jengo lenyewe, anasema lina kunguni.

Shida ni kwamba nje ya miji mikubwa vikao ni vichache, na mtu hawezi kuchagua kisichokuwepo. Kwa desturi yake AA haipokei misaada ya nje. Kila kikundi hupitisha kofia na kujilipia gharama. Kwa hiyo wewe mwenye ukumbi, darasa au ofisi inayofungwa kufuli saa za jioni, siku watakapokuja kukuuliza chumba cha saa moja kwa wiki, usiwafukuze ukidhani wanataka sadaka. Watalipa kodi, na chai watajichemshia.