Uimara na Muda

Maji ni laini na jiwe ni gumu. Hukumu hii hutolewa na kila mtu bila ya kusita, na kwa kazi za kila siku yatosha. Lakini elimu ya maumbile yatuonya tusiikate kwa haraka, kwa kuwa kitu kimoja huweza kuwa kigumu mbele ya nguvu moja na laini mbele ya nyingine.

Tutazame lami kavu. Ikipigwa kwa nyundo huvunjika vipande vipande kama kigae, na aonaye hayo huapa kuwa ni kitu kigumu. Mwaka 1927 Thomas Parnell, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, alimimina lami iliyopashwa moto ndani ya faneli ya kioo. Aliiacha itulie, na mwaka 1930 akaufungua mdomo wa faneli. Lami ilianza kushuka. Tone la kwanza lilianguka mwaka 1938, na la tisa mwaka 2014. Ile iliyokataa kukunjwa na nyundo ilikunjwa na uzito wake yenyewe, kwa sababu uzito ulipewa muda.

James Clerk Maxwell, mwanasayansi wa Uskoti, alilieleza jambo hili mwaka 1867. Kila kimiminika kina muda wake wa kulegea. Chembe zake hushikana na jirani, kisha huachana na kushika jirani wengine. Nguvu ikija ghafula, hazipati nafasi ya kuachana, na kimiminika husimama imara kama kitu kigumu. Ikija polepole, huachana moja moja, na umbo lote hubadilika bila ya kishindo. Hata vumbi lieleapo ndani ya plazma, yaani gesi iliyojaa chaji za umeme, lina tabia hiyo. Punje zake hazigusani. Hushikwa na chaji za jirani tu. Hata hivyo, mwaka 2002 wataalamu wa India waliona ndani ya vumbi hilo, likiwa katika hali ya kimiminika, mawimbi ya kutikisika upande ambayo kwa desturi ni ya vitu vigumu.

Basi uimara wa mtu ni nini? Sisi hupenda kuupima siku ya nyundo: siku ya kitisho, ya hongo kubwa, ya jaribu lenye kelele. Mtu aliyeikataa hongo hiyo kwa hasira husifiwa, naye hustahili sifa. Lakini huenda mtu huyo huyo akapokea zawadi ndogo kila mwezi, mpaka asiweze kusema ni lini aliponunuliwa. Bandu bandu huisha gogo.

Yawezekana kusemwa kuwa mfano huu wamdhulumu mtu, kwa kuwa lami haina hiari. Ni kweli, na hapo ndipo wajibu wetu uanzapo. Lami haikumbuki umbo lake la jana, mtu hulikumbuka. Aweza kujilinganisha leo na alivyokuwa mwaka uliopita, akaona alipoanza kuteleza, akajirudi.

Kwa hiyo, msomaji kijana, usijivunie kuwa hujavunjika. Uliza pia kama hujapinda.