Mgonjwa Asiyeweza Kungoja

Tarehe 23 Desemba 2021 Rais Joseph Biden wa Marekani alitia sahihi sheria iitwayo ACT for ALS, nayo ni sheria ya kuwafikishia upesi wagonjwa wa ugonjwa uitwao ALS dawa ambazo zingali zikijaribiwa. Katika Baraza la Wawakilishi watu 423 waliikubali, na 3 tu waliikataa. Nalo Baraza la Seneti likaipitisha pasipo mtu kusimama kuipinga. Wazijuao habari za nchi ile wajua ya kuwa vyama vyake viwili havipatani upesi hata katika mambo madogo. Lakini jambo wapatanalo watu wote huenda likawa na swali gumu ndani yake, na swali hilo ndilo nipendalo tulifikiri pamoja mwezi huu: Je, ni haki kumpa mtu anayekufa dawa ambayo hakuna ajuaye bado kama itamfaa ama itamdhuru? Tena, kumnyima je, ni haki?

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe, kwa kuwa haujulikani na wengi. Katika ubongo na katika uti wa mgongo ziko neva zipelekazo amri za mwendo kwa misuli. Katika ugonjwa huu neva hizo hufa moja baada ya nyingine. Mtu huanza kwa kuangusha kikombe, au kujikwaa mahali pasipo na jiwe, au ulimi huwa mzito naye hadhani kitu. Baadaye mikono hulegea, kisha miguu, kisha kumeza, na mwisho kuvuta pumzi. Wengi wao akili hubaki timamu, hata mtu huutazama mwili wake ukimwacha kidogo kidogo huku akielewa yote. Walio wengi hufa katika miaka 2 hadi 5. Lakini si wote: mmoja katika kumi hivi huishi miaka kumi au zaidi, naye Stephen Hawking, mtaalamu wa Uingereza, aliambiwa ugonjwa wake mwaka 1963 akafa mwaka 2018. Naomba msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

Wamarekani huuita ugonjwa wa Lou Gehrig, kwa jina la mchezaji wao mashuhuri wa besiboli. Mtu huyu alicheza michezo 2,130 mfululizo pasipo kukosa hata mmoja, hata mwaka 1939 nguvu zikamwisha. Mwaka 1941 akafa, umri wake miaka 37. Katika muda huo alidungwa sindano za vitamini E, kwa sababu walikuwapo madaktari waliodhani huenda zikafaa. Hazikufaa. Basi twaona ya kuwa kumpa mgonjwa wa ALS dawa isiyojulikana si jambo la jana.

Mtu atauliza, Kwa nini serikali iweke mlinzi mlangoni? Si mwili ni wa mgonjwa mwenyewe? Jibu liko katika habari ya dawa iitwayo thalidomide. Miaka ya mwisho ya 1950 dawa hiyo iliuzwa katika nchi nyingi, na wanawake wenye mimba waliinywa kwa kutuliza kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa wenye mikono na miguu mifupi au pasipo kabisa. Marekani iliepushwa na sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu mwanamke mmoja, Dkt. Frances Oldham Kelsey wa idara ya serikali isimamiayo dawa, ambayo kwa kifupi huitwa FDA, alikataa kuiruhusu ijapokuwa wenye kiwanda walimsumbua mara kwa mara. Mwaka 1962 sheria ikaongezwa nguvu: mwenye kutengeneza dawa haimtoshi kuonyesha ya kuwa haiui, hana budi kuonyesha pia ya kuwa inafanya kazi aliyoisema. Mlinzi huyo basi hakuwekwa na wivu, wala na dharau kwa wagonjwa. Aliwekwa na watoto wale.

Lakini kuonyesha ya kuwa dawa inafanya kazi kwahitaji jaribio, na jaribio lina sheria zake kali. Wagonjwa hugawanywa kwa kura. Hawa hupewa dawa, hawa hupewa kitu kifananacho na dawa wala si dawa, na hakuna ajuaye amepewa kipi, hata daktari wake. Kwa nini wafanye hivi? Kumbuka habari ya Hawking. Kama ugonjwa humwua mmoja katika miaka miwili, na mwingine humwacha miaka kumi, ukimpa mtu dawa naye akaishi miaka saba, utajuaje kama ni dawa ama ni mwendo wa ugonjwa wake tu? Huwezi kujua, ila kwa kuweka watu wengi upande huu na wengi upande huu, na kulinganisha. Tena wenye jaribio huchagua wale ambao ugonjwa wao bado ni mchanga, maana kwao ndiko dawa, kama ina nguvu, itaonekana. Aliyeugua zaidi ya miaka miwili mara nyingi huambiwa, Wewe umechelewa.

Hapo ndipo penye uchungu. Mtu huyu hakukataliwa kwa kuwa dawa ni hatari kwake kuliko kwa mwenzake. Amekataliwa kwa sababu hesabu yao haimhitaji. Daktari asema kweli, jaribio likichanganywa litaharibika, nao watakaougua kesho watakosa jibu. Na mgonjwa naye asema kweli, kwa maana mwaka anaoambiwa angoje ndio mwaka aliobakiza. Sioni ya kuwa mmoja wao ni mwovu. Ndiyo sababu nasema swali ni gumu; kama mmoja angekuwa mwovu lingekuwa rahisi.

Neno letu la Kiswahili lanifikirisha hapa. Twasema kujaribu dawa, na twasema mtu kupatwa na jaribu, na neno ni lile lile. Mgonjwa wa ALS yumo katika yote mawili kwa wakati mmoja, na anayemjia na chupa mkononi akumbuke ya kuwa anaingia katika jaribu la mtu mwingine.

Wamarekani walikwisha kufungua mlango mmoja kabla ya huu. Mwaka 2018 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria iitwayo Right to Try, yaani haki ya kujaribu. Kwa sheria hiyo mgonjwa asiye na njia nyingine aweza kumwomba mwenye kutengeneza dawa ampe, pasipo kupita kwa FDA. Jina lake ni zuri. Lakini tazama: mwenye dawa hakulazimishwa kutoa, wala hakuna aliyeagizwa kulipa. Basi haki hiyo ni haki ya kuomba kwa mtu ambaye naye ana haki ya kukataa. Tena tangu zamani ilikuwapo njia ya kuiomba FDA yenyewe, nayo hukubali karibu maombi yote iletewayo. Kumbe kizuizi kikubwa hakikuwa mlinzi wa mlango! Kizuizi kilikuwa fedha, na uhaba wa dawa yenyewe. Maana dawa nyingi za namna hii zimo mikononi mwa makampuni madogo yaliyo na kiasi cha kutosha jaribio tu, na kila chupa itolewayo nje ya jaribio ni hasara kwao.

Jambo hili waliolifahamu zaidi ni wagonjwa wenyewe. Mwanasheria mmoja, Brian Wallach, aliambiwa ugonjwa wake mwaka 2017 akiwa na miaka 37; yeye na mkewe Sandra Abrevaya wakaunda mwaka 2019 shirika liitwalo I AM ALS, nalo pamoja na mashirika mengine likawashawishi wabunge. Sheria ya mwaka 2021 iliidhinisha dola milioni 100 kila mwaka kwa miaka mitano ya fedha, 2022 hadi 2026. Sehemu ya fedha hizo ni kwa ajili ya kuwapa dawa wagonjwa waliokataliwa na majaribio, na sehemu ni kwa uchunguzi wa magonjwa adimu ya neva yaharibuyo mwili kidogo kidogo. (Kuidhinisha si kutoa, mwaka wa kwanza Baraza lilitoa pungufu ya nusu. Serikali zote hufanana katika jambo hili.) Na sharti moja laitofautisha na ile ya kwanza: dawa hutolewa pamoja na uchunguzi, yaani yaliyompata mgonjwa hukusanywa na kuandikwa. Yule aliyeambiwa kuwa hesabu haimhitaji, sasa ameandikwa katika kitabu.

Kwangu mimi sharti hilo ndilo moyo wa sheria. Mtu anayekufa hapendi kupokea tu. Wengi wetu tuliokaa kando ya vitanda vya wagonjwa twajua ya kuwa kinachowaumiza sana, baada ya maumivu yenyewe, ni kuona hawana tena kitu cha kumpa mtu. Ukimpa dawa ukaondoka, umemhurumia. Ukimpa dawa ukamwuliza, ukaandika, na neno lake likamsaidia asiyezaliwa bado, umemhesabu kuwa mtu pamoja nawe.

Lakini sitaki msomaji adhani ya kuwa kufungua mlango hakuna hasara, maana iko habari ya dawa moja iliyoonyesha pande zote mbili. Kampuni iitwayo Amylyx ilitengeneza unga wa kukorogwa katika maji, wenye uchungu mkali mdomoni, ulioitwa Relyvrio. Uliwajaribiwa watu 137 kwa majuma 24, nao walioupata walidhoofika polepole kuliko wenzao, ijapokuwa tofauti ilikuwa ndogo. Mwezi wa Machi 2022 washauri wa FDA waliulizwa kama ushahidi huo watosha. 6 walisema hautoshi, 4 walisema watosha. Wagonjwa wakalia wakasema, Jaribio kubwa litakwisha mwaka 2024, nasi tutakuwa makaburini. Mwezi wa Septemba washauri wakakutana tena, jambo lisilo la kawaida. Mkuu mmoja wa FDA akawauliza wenye kampuni mbele ya watu wote, kama jaribio kubwa likishindwa wataiondoa dawa sokoni? Wakajibu, Ndiyo. Washauri 7 wakakubali, 2 wakakataa, na mwisho wa mwezi ule dawa ikaruhusiwa. Bei yake ilikuwa kama dola 158,000 kwa mwaka mmoja.

Machi 2024 jibu la jaribio kubwa likatoka. Watu 664 walikuwa wamejaribiwa kwa majuma 48, na walioinywa hawakuwa na tofauti na wasioinywa. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kuiondoa dawa, kama ilivyoahidi. Waliokuwa wakiinywa na kupenda kuendelea wakapewa bure.

Tuseme nini? Wako wasemao kwamba FDA ilikosa, kwa maana watu walilipa fedha nyingi kwa unga mchungu usiofaa, na wengine waliharisha na kuchafukwa tumbo katika miezi yao ya mwisho. Mimi siwezi kusema hivyo kwa urahisi. Septemba 2022 hakuna aliyejua. Wagonjwa waliambiwa wazi ya kuwa hakuna aliyejua. Jaribio kubwa halikusimamishwa. Na neno lililosemwa mbele ya watu lilitimizwa, ijapokuwa lilikuwa neno la hasara kubwa kwa aliyelitoa. Kama mojawapo ya mambo haya manne lingekosekana, ningesema ya kuwa watu walidanganywa. La bei ni jingine. Bei ile sikuweza kuitetea wakati ule wala sasa, maana kitu kisichothibitishwa kiliuzwa kwa bei ya kilichothibitishwa, na aliyekinunua hakuwa na nafasi ya kungoja soko lishuke.

Basi nikiulizwa, nasema ni haki kumfungulia mlango mgonjwa asiyeweza kungoja, wala si huruma tu. Lakini si kila mlango. Ule ambao ndani yake hakuna aandikaye, wala aahidiye, wala aambiaye ukweli, huo hautofautiani na kibanda cha mwuza dawa za sokoni. Na mgonjwa akisema, Sitaki, niacheni nimalize siku zangu na watu wa nyumbani mwangu pasipo sindano, naye aachwe, asisukumwe na jamaa zake ambao mara nyingi ndio wenye hofu kuliko yeye. Nimeona sheria zikiandikwa kwa ajili ya wale watakao kujaribu; sijaona nyingi ziwatunzao wasiotaka.

Mwezi wa Aprili 2023 FDA iliruhusu dawa nyingine, tofersen, kwa masharti ya kuendelea kuichunguza. Yafaa wale tu ambao ugonjwa wao watokana na kasoro ya jini iitwayo SOD1, nao ni kama 2 katika kila wagonjwa 100. Jaribio lake la watu 108 lilishindwa kufikia lengo lake kuu katika majuma 28. Hata hivyo alama za kufa kwa neva zilipungua katika damu yao, na wachache walionekana kusimama pale walipokuwa, jambo lisilozoeleka katika ugonjwa huu. Tangu mwaka 2021 lilianzishwa jaribio jingine, liitwalo ATLAS, la watu wenye kasoro hiyo ambao hawajaugua. Hao ni watu wenye nguvu, waendao kazini na kulea watoto, na wengi wamemwona mzazi au ndugu akifa kwa ugonjwa huu. Wamekubali kuchomwa sindano katika uti wa mgongo pasipo kujua kama kilichomo ni dawa ama si dawa.