Mmoja Aliyerukwa

Somo: Luka 15:3–7

Shule zimefungwa, na katika nyumba nyingi hapa Nyeri televisheni haizimwi. Wazazi kadhaa wameniuliza kama ni sawa watoto watazame katuni za Father Christmas. Jibu langu ni fupi: keti nao, mtazame pamoja, kisha mzungumze. Mwokozi wetu si yule mzee wa ndevu nyeupe, na mtoto akielezwa hilo anaelewa.

Lakini kuna katuni moja yenye swali linalotusumbua hata sisi wazee. Inaitwa Arthur Christmas, ilitoka mwaka 2011, kazi ya Aardman wa Uingereza pamoja na Sony. Inachekesha kweli. Zawadi zinagawanywa kwa kompyuta na chombo kikubwa cha angani, kama jeshi. Usiku ukiisha watu wanapongezana. Kumbe baiskeli moja imebaki, ya msichana mdogo aitwaye Gwen. Steve, mwana mkubwa anayesimamia mitambo, anasema kati ya mamilioni ya watoto, mmoja si kitu. Mdogo wake Arthur, anayejibu barua za watoto, anakataa. Anaondoka na babu yake kwa gari kuukuu la kuvutwa na kulungu, wanapotea njia, hata wanajikuta huku kwetu Afrika kati ya simba.

Je, nani ana haki? Steve si mtu mbaya. Bila mpango wake hao mamilioni wasingepata kitu, na kanisani pia tunawahitaji watu wa orodha. Tuseme tunagawa unga na mafuta kwa familia mia mbili, kutoka Kiganjo hadi Ihururu, na shosho mmoja anarukwa. Kwenye ripoti tumefaulu karibu kabisa. Lakini shosho hapokei asilimia. Sufuria yake ni tupu yote. Ripoti imepima kazi yetu, haikupima njaa yake.

Mtu atauliza: tukimfuata huyo mmoja, wale tisini na tisa je? Ni swali la haki. Mchungaji aliwaacha, ndiyo, lakini waliachwa wakiwa wengi pamoja. Aliyekuwa peke yake ni yule mmoja. Na gharama ya safari aliibeba mwenyewe, mabegani. Arthur naye hakumnyang'anya mtoto yeyote zawadi ili Gwen apate. Alitoa usingizi wake na usalama wake. Kumpenda mmoja kunakuwa dhuluma pale tu tunapolipia kwa jasho la wengine.

Kwa hivyo wapendwa, Krismasi hii tusiishie kuuliza tumefikia wangapi. Tuulize nani hajafikiwa, na tumtaje kwa jina. Magari yanapanda kutoka Nairobi yamejaa watu na shopping, lakini yuko kijana aliyerudi kimyakimya bila kazi, anayeogopa hata kupita soko la Karatina asije akaulizwa ameleta nini. Yuko mama aliyeacha kuja ibadani tangu mazishi, na viti vikijaa hatuoni pengo lake. Huyo hayuko kwenye orodha yoyote. Wewe unamjua. Usingoje kamati impangie siku. Mpigie simu leo, halafu uende.