Hardy Krüger na Shamba la Momella

Filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa picha kwa sehemu kubwa katika maeneo ya Arusha na Momella, chini ya Mlima Meru, na ndiyo iliyomleta huko Hardy Krüger, mwigizaji wa Kijerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1928. Humo yeye ni Kurt, dereva wa kikosi kinachokamata wanyama kwa ajili ya bustani za maonyesho, kazi ambayo mkamataji alikaa kwenye kiti kilichofungwa ubavuni mwa pua ya lori, ameshika mti mrefu wenye kitanzi, huku faru akikimbia bega kwa bega na gari.

Krüger alikuwa ameonekana katika filamu tangu 1944, akiwa bado kijana, na baada ya vita alijinoa jukwaani. Ubora wake, bila shaka, ulidhihirika katika Sundays and Cybele, filamu ya Kifaransa iliyopata tuzo ya Oscar, alimoigiza kwa upole wa kugusa moyo rubani aliyepoteza kumbukumbu vitani.

Huko Momella alinunua shamba, akaishi kwa miaka mingi na kuandika vitabu, kabla ya kufariki California mwaka 2022. Nyumba yake sasa ni sehemu ya loji yenye jina la filamu ya Hatari!.