Tunapojiona Hatuiwezi Kazi



Yako maneno tunayoyasikia sana kwa Wakristo waliopewa kazi: "Mimi siiwezi." Husema hivyo mwalimu mpya, na muuguzi aliyebaki peke yake zamu ya usiku, na hata katekista anayetakiwa kuhubiri Jumapili, padre akiwa mtaa mwingine. Je, maneno hayo ni unyenyekevu, au ni jambo jingine?

Sisi jibu tulilipata kwa aibu. Katika ujana wetu wa ualimu tulipewa kufundisha hisabati darasa la saba. Hesabu za sehemu zilitushinda. Chumba cha pili alikuwapo mwalimu mwenzetu, mdogo kwetu kwa umri, aliyezijua vizuri sana. Hatukumwuliza. Kila wiki tulijiambia moyoni kwamba hatuna kipaji, tukaliruka somo lile mpaka mwaka ukaisha. Siku ya mtihani mtoto mmoja alitujia, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, zile hesabu mbona hatukufundishwa?" Hatukuwa na la kumjibu.

Hapo tulitambua kwamba hofu yetu haikuwa unyenyekevu. Mnyenyekevu angaliuliza. Sisi tuliogopa kuonekana hatujui, tukailinda heshima yetu kwa hasara ya watoto wa watu. Yule mtumwa aliyeifukia talanta yake ardhini naye alisema kwamba aliogopa, na bwana wake hakuupokea udhuru huo.

Basi tufanyeje? Wengine hutushauri tujiamini, tujiambie kila asubuhi kwamba sisi ni hodari. Lakini tusome habari za Musa katika Kutoka, sura ya tatu na ya nne. Musa alipouliza yeye ni nani hata atumwe kwa Farao, Mungu hakumjibu kwa kumsifu. Alimwahidi kwamba atakuwa pamoja naye. Na Musa alipozidi kuulalamikia ulimi wake mzito, hakupewa ulimi mwepesi. Alipewa Haruni, ndugu yake, awe msemaji wake. Imani, basi, haitutaki tujione wakubwa. Yatutaka tuache kujitazama, tumtazame yeye aliyetutuma, kisha tumpokee Haruni aliyetuwekea karibu.

Ufuko wetu huu wa Nyasa unao ushuhuda wake. Padre William Percival Johnson, wa misheni ya UMCA, alifika ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1880. Macho yake yaliugua, jicho moja likapofuka, la pili likabaki na nuru haba. Mtu kama huyo angaliweza kusema, wala asilaumiwe, kwamba kazi ya vitabu haimfai. Lakini aliendelea kuvizungukia vijiji vya ziwani, akaifasiri Biblia katika Kinyanja, akisaidiwa na wenyeji walioijua lugha hiyo kuliko yeye. Alifariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko huko. Macho hayakupona, na kazi ilifanyika.

Hatusemi kwamba kila shaka ni mbaya. Muuguzi asiye na hakika ya kipimo cha dawa na asimame kwanza. Kwa hiyo tuipime shaka yetu kwa swali hili: inatupeleka kuuliza, au inatupeleka kujificha? Ile inayotupeleka kuuliza ni rafiki, nayo hutufundisha. Ile inayotuficha ni kiburi kilichovaa nguo za unyenyekevu, na imetupasa kuiungama.

Mwaka uliofuata tulimwendea yule mwalimu kijana jioni moja, daftari mkononi. Hakutucheka. Alitufundisha mpaka kibatari kikaisha mafuta. Tulipoingia darasani hofu bado tulikuwa nayo, na chaki ilitutetemeka mkononi. Tulisali kimya, tukaandika hesabu ya kwanza ubaoni. Watoto wale walizijua sehemu. Wenzao waliowatangulia hatukuweza kuwarudishia mwaka wao, na mpaka leo tunawakumbuka katika sala zetu.

Ndugu msomaji, kama iko kazi uliyoifukia kwa kuogopa, mwombe Bwana leo, kisha nenda ukabishe hodi kwa Haruni wako. Huenda ni jirani yako, na huenda ni mdogo kwako.

Bwana awe pamoja nanyi nyote. Amina.