Uongo Njoo: Je, Hadithi ya Kubuni Yaweza Kutuongoza?

Wazee wetu walipotaka kusimulia walianza kwa kuita, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hawakumficha mtoto kwamba atakayoyasikia yamebuniwa. Hata hivyo hadithi ilipokwisha, mtoto alikuwa amejua jinsi tamaa inavyomponza fisi. Siku hizi wako watu wazima, wenye vyeo na ofisi, wanaokaa pamoja kubuni hadithi za mambo yawezayo kuwapata baada ya miaka kumi au ishirini. Nasi twauliza: je, ni haki wale waliopewa dhamana ya watu kuiongoza kazi yao kwa mambo ambayo hayajatokea?

Tuanze na kampuni ya mafuta ya Shell. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mfaransa aitwaye Pierre Wack na wenzake walizichunguza nchi zenye mafuta. Wakaona kwamba baadhi yake hazikuwa na sababu ya kuendelea kuuza mafuta mengi kwa bei ndogo. Wakawaandalia wakuu wao hadithi mbalimbali, na katika mojawapo bei ilipanda kwa ghafula. Mwezi Oktoba 1973 vita ilizuka Mashariki ya Kati, na baada ya miezi michache bei ya mafuta ilikuwa imepanda karibu mara nne. Wack hakuwa mganga wala mpiga ramli. Mpiga ramli husema, "Itakuwa hivi." Yeye alisema, "Ikiwa hivi, mtafanya nini?" Katika maneno hayo mawili mna tofauti kubwa.

Mfano wa pili watugusa zaidi, maana ulihusu nchi nzima. Nelson Mandela alitoka kifungoni Februari 1990, na Afrika Kusini ikawa njia panda. Mwaka 1991 na 1992 watu 22 walikutana mara kadhaa mahali paitwapo Mont Fleur, karibu na Stellenbosch. Aliyewakusanya ni Profesa Pieter le Roux wa Chuo Kikuu cha Western Cape, na Adam Kahane wa Shell aliyasimamia mazungumzo. Walikuwamo weusi na weupe, wanasiasa, wafanyabiashara, wasomi na watu wa vyama vya wafanyakazi. Hawakuulizwa wanataka nini, kwa maana hapo wangaligombana tangu asubuhi. Waliulizwa ni nini chaweza kutokea.

Wakatoka na hadithi nne, kila moja ikiitwa kwa jina la kirukacho au kishindwacho kuruka. Mbuni ni serikali inayoficha kichwa mchangani na kukataa mapatano ya kweli. Bata Kilema ni serikali ya mpito iliyofungwa mikono, isiyoweza kuamua neno. Icarus, yule kijana wa hadithi za Kiyunani aliyerukia karibu mno na jua, ni serikali mpya yenye nia njema inayotumia fedha kupita uwezo wake, hata uchumi ukaanguka na maskini wakaumia kuliko kwanza. Ya mwisho ni ya heroe, ndege wanaopaa polepole, lakini wote pamoja. Mambo hayo yalipimwa kwa hesabu za uchumi, kisha mwaka 1992 yakachapishwa gazetini ili kila mtu ayasome. Miongoni mwa waliokaa Mont Fleur alikuwamo Trevor Manuel, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu 1996 hadi 2009, na Tito Mboweni, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu tangu 1999 hadi 2009.

Lakini tusisifu upesi. Wako waliolalamika kwamba hadithi ya Icarus iliwatia viongozi hofu, wakaenda taratibu mno mbele ya watu waliokuwa wamengoja ardhi, nyumba na kazi miaka mingi. Malalamiko hayo ni mazito. Mtu akikuonyesha shimo upande wa kulia, waweza kuelemea kushoto usitazame kama huko nako kuna shimo. Hadithi iliyobuniwa vizuri ina nguvu juu ya moyo kuliko hesabu, na kwa sababu hiyo mwenye kuitunga ana wajibu mkubwa.

Kwa maoni yetu, hadithi ya namna hii ni halali kwa masharti matatu. Kwanza, isemwe wazi kuwa imebuniwa, ila vitu iliyojengwa navyo viwe vya kweli: bei, mvua, idadi ya watu, madeni. Pili, zisimuliwe hadithi kadhaa, maana hadithi moja peke yake hugeuka kuwa amri au kitisho. Tatu, watakaoumia kwanza jambo likitokea wawe miongoni mwa watungaji.

Sharti hili la tatu ndilo gumu. Tuseme chama cha ushirika cha kahawa chataka kujiuliza itakuwaje mvua zikikosa miaka miwili mfululizo, au bei ikishuka nusu. Mwenyekiti, katibu na meneja waweza kukaa mchana mmoja na kutunga hadithi nzuri sana, nayo iishe kwa chama kusalimika. Je, mjane mwenye miche mia mbili yumo ndani ya hadithi hiyo? Naye angeulizwa, angeimalizaje? Huenda chama kikasalimika katika hadithi yake pia, ila yeye akawa ameuza shamba.

Basi wenzetu wa kamati za shule, za zahanati na za ushirika, kabla ya kupitisha mpango wa miaka mitano, twawaomba watenge siku moja ya hadithi. Na kabla hadithi haijaanza, watazame kwanza ni nani hakualikwa.